UZI: Wanawake viziwi na waliyoyatenda. Tuwataje, tuanzie huku kwetu magharibi mwa Kenya

Mumias_Kwetu (mwanzisha uzi)

Habari zenu wanajukwaa.

Kila mwezi wa tatu ukifika, kurasa hujaa majina ya wanawake waliofanya makubwa. Nayasoma yote na nayapenda. Lakini miaka nenda, miaka rudi, sioni jina la mwanamke kiziwi hata mmoja, na mimi nina dada kiziwi, mkubwa wangu, ambaye karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye cherehani yake. Basi nimeufungua uzi huu. Anayemjua mwanamke kiziwi aliyetenda jambo, wa hapa au wa mbali, aliye hai au aliyetangulia, amlete.

Hoja yangu naisema mapema ili anayetaka kuipinga aipinge. Kila nilipofuatilia maisha ya wanawake hawa, nimekuta kwamba lugha ndiyo iliyowafungulia njia. Palipokuwa na watu wa kuzungumza nao kwa ishara au kwa maandishi, walienda mbali. Palipokosekana, walikwama hata wawe na akili za ajabu.

Nianze na Mkenya. Beryl Wamira ni mkimbiaji wa mbio fupi aliyeiletea nchi hii medali za Deaflympics, yaani michezo ya dunia ya viziwi, katika mita 100 na mita 200. Hii ni nchi inayojisifu kwa mbio ndefu, na mwanamke kiziwi ameileta medali katika zile fupi tunazolia kila mara kwamba hatuziwezi. Ni wangapi hapa wanamjua? Deaflympics nayo si mashindano ya juzi. Yalianza Paris mwaka 1924, miaka 36 kabla ya Paralympics. Anayeruhusiwa ni aliyepoteza usikivu wa desibeli 55 au zaidi kwenye sikio lake lililo bora, na vifaa vya kusikia huvuliwa kabla ya kuingia uwanjani ili wote wawe sawa. Mwanariadha huwekewa taa karibu na pale anapoanzia. Rangi ikibadilika anajiweka tayari, ikibadilika tena anachomoka. Ukikosa kuitazama taa hiyo kwa nukta moja, umeachwa.

Sasa dada yangu. Alisoma Shule ya Viziwi ya Mumias, ambayo pamoja na ile ya Nyang'oma kule Bondo ilianza 1961, zikiwa kati ya za kwanza kabisa Kenya. Ushonaji alijifunzia huko huko. Leo ana kibanda karibu na soko, anashona yunifomu na vitenge, na Desemba hulala saa chache kwa sababu ya harusi na oda za shule za Januari. Akishona, kiganja cha kushoto hakibanduki kwenye meza ya cherehani. Sindano ikianza kugonga, au bobini ikikaribia kuisha, anajua kupitia mkono na nyayo kabla mimi niliyekaa pembeni na masikio yangu mawili sijashuku chochote. Wateja wana daftari lao: wanachora shingo wanayoitaka, wanaandika siku ya kuchukua, wanatia sahihi. Mnajua wateja na mafundi wanavyogombana kuhusu "nilikwambia Ijumaa". Kwake ugomvi huo haupo, maana kila kitu kimeandikwa.

Karibuni.

Mkulima_Njoro

Mwanzisha uzi, hongera kwa dada yako, natoa heshima zangu. Ila niseme ninaloliona huku kwetu Nakuru vijijini. Binti kiziwi ninayemfahamu hakupelekwa shule. Ndugu zake wote wamesoma. Yeye anachota maji, anachunga mbuzi, analea watoto wa wengine, na alipozaa hakuna aliyejua baba ni nani kwa sababu hakuna aliyeweza kumuuliza akaeleza. Na Shule ya Ngala iko hapa hapa Nakuru mjini, si mbali. Orodha ya mashujaa ni nzuri, lakini naogopa tukiwasifu wachache tutasahau kwamba wengi hawakupewa hata nafasi ya kuanza. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya wapatao 153,000 wenye ugumu wa kusikia. Wangapi kati yao ni wanawake waliofichwa jikoni?

Mumias_Kwetu

Ndugu yangu wa Njoro, umesema kweli na sipingi hata neno. Huyo binti ndiye hasa ninayemfikiria. Jirani akijua kwamba mwanamke kiziwi anaweza kushona, kukimbia, kufundisha, kutunga sheria, hataona ni jambo la kawaida binti wa pale kubaki na mbuzi. Ndiyo maana nataka majina.

Fizikia_Kakamega

Nafundisha fizikia sekondari, kwa hiyo mniruhusu niwalete wawili wa zamani na nikawie kwa mmoja.

Henrietta Swan Leavitt alizaliwa Marekani mwaka 1868. Aliugua katika ujana wake, na usikivu wake ukazidi kupotea. Alifanya kazi katika kituo cha Harvard cha kuchunguza nyota, ambako wanawake waliajiriwa kukagua picha zilizopigwa kwenye vioo, kioo baada ya kioo. Katika picha hizo nyota ni vidoa vyeusi kwenye weupe. Malipo yalikuwa senti 30 za dola kwa saa. Kazi yake ilikuwa kutafuta nyota zinazobadilisha mwangaza, zikififia na kung'aa tena, na alizigundua zaidi ya 2,000.

Mwaka 1912 alichapisha matokeo ya nyota 25 zilizo katika Wingu Dogo la Magellan. Sisi tulio hapa kwenye ikweta tunaweza kuliona wingu hilo chini kabisa upande wa kusini, usiku usio na mbalamwezi kuelekea mwisho wa mwaka, ukiwa mbali na taa za mji. Aligundua kwamba nyota inayochukua muda mrefu zaidi kufifia na kurudi ndiyo iliyo na nguvu zaidi ya mwanga. Kwa nini hilo ni kubwa? Ukijua taa ya bodaboda ina nguvu kiasi gani, ukiiona usiku barabarani unaweza kukadiria iko umbali gani. Leavitt aliupa ulimwengu njia ya kujua nguvu ya taa. Miaka zaidi ya kumi baadaye mwanaastronomia Edwin Hubble akaitumia kanuni hiyo kuonyesha kwamba Andromeda ni galaksi nyingine kabisa, nje ya hii yetu. Kabla ya hapo wanasayansi wakubwa walikuwa wakibishana kama kuna chochote nje ya Njia Nyeupe, yaani galaksi hii yetu.

Mwaka 1925 mtaalamu mmoja wa hisabati wa Uswidi, Mittag-Leffler, aliandika barua akitaka kumpendekeza kwa tuzo ya Nobel. Leavitt alikuwa amefariki tangu 1921 na habari hazikuwa zimefika. Tuzo hiyo haipendekezwi kwa marehemu.

Wa pili ni Annie Jump Cannon, aliyefanya kazi katika kituo hicho hicho, naye karibu hakusikia kabisa. Alipanga nyota zipatazo 350,000 katika makundi kwa kuangalia mwanga wao, na mpangilio wake wa herufi O, B, A, F, G, K, M ndio tunaofundisha mpaka leo. Wanafunzi wangu wanaukariri bila kujua uliwekwa na mwanamke kiziwi. Muhula huu nimeanza kuwaambia.

Nyalenda_B

Nimesoma kimya kimya tangu jana. Sasa niingie, kwa kuwa mimi ndiye mnayemzungumzia. Mimi ni mwanamke kiziwi, niko Kisumu, nina watoto, nauza nguo za mitumba Kibuye siku za soko na siku nyingine nafundisha ishara kwa wazazi.

Mtashangaa naandika Kiswahili. Nilipoteza kusikia nikiwa darasa la tatu baada ya homa ya uti wa mgongo, kwa hiyo lugha nilikuwa nayo tayari. Wenzangu wengi waliozaliwa viziwi hawawezi kuusoma uzi huu. Kwenye KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, hadi ulipokoma 2023, mtahiniwa kiziwi alifanya Lugha ya Ishara ya Kenya mahali pa Kiswahili. Kwa hiyo wengi husoma Kiingereza kidogo na Kiswahili hakiwafikii. Kliniki ikibandika bango la Kiswahili ukutani kuhusu chanjo ikadhani imewajulisha viziwi, haijawajulisha.

Mmewataja wa Marekani, na nafurahi, maana wa nyota sikuwa namjua. Lakini mniruhusu niwaeleze mafanikio kwa jinsi sisi wenyewe tunavyoyaona. Mwanamke kiziwi aliyemaliza kidato cha nne kijijini mwetu ni mafanikio. Aliyekataa kuozwa kwa mzee kwa kuwa "huyu hataweza kuchagua" ni mafanikio. Mwenzangu mmoja alikuwa mshauri katika kituo cha viziwi cha VCT, yaani cha ushauri na kupima HIV kwa hiari, hapa Kisumu, miaka ile shirika la LVCT lilipofungua vituo vya viziwi Nairobi, Mombasa na hapa. Kabla ya hapo, kiziwi aliyetaka kupima HIV alikwenda na dada au mama wa kumtafsiria. Niambieni nani atakubali kuulizwa mambo ya chumbani mbele ya mama yake? Wengi hawakupima. Mshauri kiziwi alipokaa kwenye kiti kile na kueleza kwa ishara, mlango umefungwa, wanawake walimiminika. Idadi ya maisha aliyoyaokoa haijaandikwa popote, lakini sisi tunamjua.

Chama chetu cha wanawake viziwi kinakutana mchana, kwa sababu bila mwanga hakuna mazungumzo. Stima ikipotea jioni tukiwa ndani, kikao kinasimama palepale, kila mtu anawasha tochi ya simu na kuielekeza kwenye mikono ya anayeongea hadi hoja iishe. Mweka hazina wetu anajua hesabu zote kwa kichwa. Pesa zinaingia kwa M-Pesa, kila mmoja anaona ujumbe kwenye simu yake, hakuna anayehitaji kusimuliwa. Watu wanaosikia hawajui M-Pesa na ujumbe mfupi vilitubadilishia nini. Zamani, mtu akitaka kunilipa alimpa ndugu yangu, na ndugu yangu ndiye aliyeamua nipate ngapi.

Na mimi nina ombi kwa mwanzisha uzi. Usiandike "alifanikiwa licha ya uziwi." Uziwi haujawahi kunizuia kuuza shati. Kinachonizuia ni mteja anayeona mkono wangu ukiashiria, akaogopa na kupita.

Mumias_Kwetu

Dada, asante sana kwa kuja. Ombi lako nimelipokea na nitalishika. Endelea kutuongoza humu.

Muuguzi_Vihiga

Nyalenda_B, umenigusa kwa hilo la kliniki. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wajawazito na nitasema tunayopaswa kuyafanya, maana hayahitaji pesa.

Kosa la kwanza hutokea kwenye foleni. Tunaita majina kwa sauti. Mama kiziwi anakaa pale tangu saa moja asubuhi, jina lake linaitwa, hajibu, kadi yake inawekwa chini. Saa sita bado yuko benchi na mtu anamwambia "ulikuwa wapi tulipokuita?" Namba kwenye kadi, na muuguzi anayeinua namba hiyo juu, vinamaliza tatizo. Wakati wa korona ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu wale wanaosoma midomo walitukuta tumeifunika yote kwa barakoa.

Kosa la pili ni chumba cha kujifungulia. Tunamwambia "sukuma" akiwa ametazama dari. Mama anayesikia hufuata sauti. Mama kiziwi anahitaji kuniona usoni, au tuelewane kabla uchungu haujakaza: nikikugusa paja hapa, sukuma, nikiweka kiganja kifuani, pumzika. Mnakubaliana mapema, akiwa bado ana utulivu. Nimewahi kuifanya hivyo na mama mmoja wa mimba ya kwanza, na ilikwenda vizuri kuliko wengi wanaosikia, kwa sababu hakuwa akisikia kelele za chumba kizima. Aliutazama mkono wangu tu.

Kuna wanaouliza, kwa nia mbaya na nzuri, kiziwi atasikiaje mtoto akilia usiku. Mama huyo alinionyesha: mtoto analala amegusana naye, mguu wa mtoto juu ya tumbo la mama. Mtoto akianza tu kujinyonganyonga kabla hata ya kilio, mama ameamka. Mimi nilikuwa naamka baada ya kilio cha tatu.

Mwalimu_Bondo

Nimefundisha watoto viziwi miaka mingi upande huu wa Siaya. Mwanzisha uzi ametaja lugha kuwa ndiyo iliyofungua njia. Niongeze historia, kwa sababu lugha hiyo ilipigwa vita.

Mwaka 1880 walimu walikutana Milan, Italia, na kuazimia kwamba watoto viziwi wafundishwe kwa kusema tu, ishara ziondolewe. Azimio hilo lilifika hadi madarasa ya huku kwetu. Watoto walikatazwa kutumia mikono, wakalazimishwa kuangalia mdomo wa mwalimu siku nzima na kuiga sauti wasiyoisikia. Mtoto anaweza kumaliza miaka akijua kutamka maneno machache na hajui Nile inaanzia wapi. Ni mwaka 2010 tu, kwenye kongamano la Vancouver, ndipo walimu wa dunia walipoeleza majuto yao kwa azimio la Milan. Miaka 130.

Sasa tazameni mwanamke aliyesoma mahali ambapo ishara ziliruhusiwa. Agatha Tiegel alipoteza kusikia na jicho moja akiwa na miaka 7, kwa homa ya uti wa mgongo, ugonjwa ule ule wa dada yetu wa Nyalenda. Chuo cha viziwi cha Washington, ambacho leo kinaitwa Gallaudet, kilianza kutoa digrii 1864 lakini kiliwafungulia wanawake mlango kwa majaribio mwaka 1887. Tiegel akawa mwanamke wa kwanza kuhitimu pale kwa digrii ya miaka minne, 1893, akiwa wa kwanza katika kundi lake. Hotuba yake ya mahafali ilikuwa juu ya akili za mwanamke. Aliitoa katika chuo ambacho miaka michache tu nyuma hakikuwa kinawapokea wanawake. Kutoka hapo mpaka mwanamke kiziwi kuwa rais wa chuo hicho ilichukua hadi 2016, Roberta Cordano.

Na hapa Afrika tunaye Wilma Newhoudt-Druchen wa Cape Town. Aliingia bungeni Afrika Kusini mwaka 1999, mwanamke kiziwi wa kwanza katika bunge lile, naye pia alipita Gallaudet. Mkalimani alisimama mahali anapoonekana, mheshimiwa akaongea kwa ishara, hoja zikaingia kwenye kumbukumbu za bunge kama za wengine wote. Mwaka 2023 nchi yake ikaifanya lugha ya ishara kuwa lugha rasmi ya 12.

Kenya tusijione nyuma kwenye karatasi. Katiba ya 2010, kifungu cha 120, inasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Kifungu cha 7 kinailazimu serikali kuikuza. Utafiti wa lugha yetu ulianza Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1991, na wanaoijua watakwambia ishara za Kisumu na za Nairobi zinatofautiana hapa na pale. Wasichana wangu kutoka Nyang'oma wakienda michezo ya kitaifa hurudi na ishara mpya za mji mkuu na kujivuna nazo wiki nzima.

Kinachoniuma ni kinachotokea nyumbani. Msichana anakaa shuleni bweni miezi mitatu, anajadili, anacheka, anaongoza wenzake, anatunga mashairi ya mikono. Siku ya kufunga shule mzazi anakuja kumchukua, hajui hata ishara ya "njaa." Kuanzia hapo likizo yote ni kuonyeshwa kwa kidole: leta kile, ondoa hiki. Anaporudi muhula unaofuata inamchukua siku kadhaa kuanza kuongea tena.

Karani_Bungoma

Mimi nafanya kazi mahakamani, sitasema wapi. Nataka kurudi kwa yule binti wa Njoro, kwa sababu hapo ndipo sheria inakwama.

Katiba, kifungu cha 50, inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi mkalimani bila malipo. Kifungu hicho hicho kinaruhusu mlalamishi au mshtakiwa kusaidiwa na mtu wa kati katika mawasiliano. Kwa hiyo tukifika kortini, angalau kuna njia. Shida huanza mapema, kwenye meza ya kuandikisha ripoti. Mwanamke kiziwi aliyebakwa anafika, hakuna mkalimani, afisa anauliza "nani atamtafsiria?" na anayejitokeza ni ndugu. Nimewahi kuiona taarifa iliyoandikwa hivyo, na baadaye mkalimani wa kweli alipokuja, maelezo yake mwenyewe yalikuwa mengine kabisa. Aliyetafsiri mwanzoni alikuwa na mtu wa kumlinda nyumbani.

Wanajukwaa, mkiwa na jirani kiziwi aliyedhulumiwa, msikubali ndugu wa nyumba hiyo ndiye awe sauti yake. Ombeni mkalimani tangu ripoti ya kwanza, na iandikwe kwamba mmeomba. Walimu wa shule za viziwi wanawajua wakalimani wa eneo. Na asiyejua kuandika wala ishara rasmi, maana wapo waliofichwa hadi ukubwani, kuna wakalimani viziwi wanaoweza kumfikia kwa ishara za nyumbani na michoro. Nimemwona mwanamke kiziwi akiifanya kazi hiyo. Anakaa na mlalamishi, anatumia vidoli, anatumia kalenda, anamchukua polepole, kisha anampa mkalimani anayesikia, naye anaieleza korti. Siku hiyo hata wakili wa upinzani alinyamaza akatazama. Jina lake silitaji, hakuniruhusu, lakini ukinitaka nimchague shujaa wa uzi huu ni yeye.

Mkulima_Njoro

Karani, hayo sikuyajua. Nitakuandikia faraghani kuhusu yule binti, na kesho nafika kwa chifu.

Baba_Busia

Salaam. Sijawahi kuchangia jukwaa hili, huwa nasoma tu. Binti yetu ana miaka mitatu. Mwaka jana aliugua sana, akalazwa, akapona, lakini tangu hapo ukimwita hageuki, na maneno machache aliyokuwa nayo yamepotea. Mama mkwe anasema tumpeleke kwake kijijini akae tu mpaka akue. Mke wangu analia kila siku. Nimesoma uzi wote leo na ni mara ya kwanza kuona kuna mahali pa kuanzia. Naanzia wapi?

Mwalimu_Bondo

Baba, pole na karibu. Anza na mambo mawili kwa wakati mmoja.

Kwanza hospitali ya rufaa ya kaunti, kitengo cha masikio, apimwe kiwango cha kusikia. Kama kuna usaha au maji nyuma ya ngoma ya sikio, hilo linatibika, na Shirika la Afya Duniani linasema takriban asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto ungeweza kuzuilika. Kama ni neva iliyoharibiwa na homa, mtajua mapema, na mtaambiwa kama kifaa kitamfaa. Usicheleweshe, kwa sababu kama ugonjwa ule ulikuwa homa ya uti wa mgongo, hali ndani ya sikio inaweza kubadilika haraka.

Pili, kituo cha EARC, yaani cha tathmini ya elimu ya watoto, cha kaunti ndogo yenu, kipo chini ya idara ya elimu. Hao ndio wanaotathmini watoto na kuwaelekeza shule. Beba cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na karatasi za kulazwa. Mumias haiko mbali na Busia, na Maseno pia kuna shule ya viziwi. Waulizeni wote kuhusu darasa la watoto wadogo. Kadi ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu mtaishughulikia baada ya vipimo.

Nyalenda_B

Baba_Busia, na mimi nikwambie ya nyumbani, hayahitaji barua wala foleni.

Msimpeleke kijijini kukaa tu. Umri huo ndio wa lugha, ukipita haurudi vizuri. Kuanzia leo, kabla ya kumwambia chochote, mguse begani na usubiri akutazame. Kaa chini usawa wa macho yake, mwanga uwe usoni pako na si nyuma yako. Chagueni ishara za vitu vyake vya kila siku: maziwa, kulala, kuoga, mama, baba, bado, imeisha. Zitumieni wote, kila mara, hata dada wa kazi na mama mkwe. Atazitazama muda bila kujibu, msikate tamaa, siku moja atairudisha mwenyewe. Mpeni pia jina la ishara, kitu kinachoonekana kwake, labda kishimo cha shavuni, ili aweze kuitwa na aweze kujitaja.

Nitakutumia faraghani video fupi ninazowatumia wazazi wa huku. Mke wako namkaribisha kwenye kikao cha wanawake, aje na mtoto. Mjue kwamba mabinti zangu wote wanasikia na wote wanaashiria, kwa hiyo mtoto wenu atapata wa kucheza nao.

Baba_Busia

Asanteni sana, walimu wangu. Nimempa mke wangu simu asome mwenyewe. Anauliza swali moja: tukimfundisha ishara, hatasahau kuongea kabisa?

Nyalenda_B

Mwambie hapana. Mimi naashiria kutwa nzima na sauti yangu bado ipo, wateja wa Kibuye wananielewa. Endeleeni kumsemesha kwa mdomo huku mnaashiria, vyote viwili. Kama vipimo vitaonyesha kifaa kitamsaidia, atakivaa na ishara zitabaki. Na kama hakitasaidia, atakuwa tayari ana lugha na hamtakuwa mmepoteza mwaka mmoja mkingoja.